Venye utajua nani anataka kununua kati ya wageni wa websaiti yako

Kama una biashara hapa Nairobi na kila mwezi unalipia matangazo ya Facebook ama Google, alafu mwezi ukiisha hujui ni nani alikuja kwa websaiti na alikuwa anataka nini, hii ni yako. Nitachukua mfano wa duka la pampu za maji na jenereta pale Industrial Area, juu hiyo ni biashara mtu hanunui kwa haraka, anaangalia leo, anauliza bei kwa watu wanne, anaenda kuongea na bibi ama bosi, anarudi baada ya wiki tatu. Hapo katikati ndio wateja wengi hupotea na hakuna mtu anajua walienda wapi.

Kwanza tuelewane. Hizi programu za kufuatilia wageni hazikupi jina la mtu na namba yake ya simu. Mtu akikuuzia programu na akuahidi namba ya kila mgeni, achana naye. Chenye utapata ni tabia: mgeni alitoka wapi, alisoma peji gani, alikaa kwa bei ama alipita tu, amerudi ama ndio mara ya kwanza. Jina linakuja pale mgeni mwenyewe anaamua kukuandikia, na kazi yako ni kuunganisha hizo mbili, ile tabia na ile meseji.

Anza na Google Analytics, programu ya Google ya kuhesabu wageni wa websaiti, ni bure. Unafungua akaunti, unapewa skripti, yaani kipande cha kodi, fundi wako wa websaiti anaibandika kwa kila peji. Ukimaliza ingia kwa mipangilio ubadilishe muda wa kuhifadhi data, juu inakuja ikiwa miezi 2 na unaweza kuipeleka hadi 14, na mtu anayechimba kisima anaweza kukaa zaidi ya miezi 2 akingoja pesa ya chama. Alafu ongeza Microsoft Clarity, pia ni bure, hii inakuonyesha rekodi ya venye mgeni alipitia peji, alisimama wapi, alibonyeza nini. Tazama rekodi chache kila wiki, hasa za watu wa simu. Utaona mtu amefika kwa jenereta, anabonyeza picha mara tatu mara nne akidhani bei itafunguka, hakuna kitu, anatoka. Huyo alikuwa mteja na alikuwa tayari, ni peji yako ilimfukuza.

Sasa penye kuna kazi kweli ni WhatsApp. Hapa kwetu watu hawapendi kujaza fomu, wanabonyeza kitufe cha WhatsApp waulize "bei gani?" na ukiwa na kitufe kimoja kwa websaiti yote hutawahi jua huyo ametoka wapi. Kwa hivyo kila peji iwe na linki yake ya wa.me, ile inafungua WhatsApp yako moja kwa moja, namba ianze na 254 bila ile alama ya kujumlisha na bila sifuri, alafu mwisho wa linki uweke maneno yenye yatajiandika yenyewe kwa simu ya mteja. Peji ya pampu za kisima iandike "Habari, nataka bei ya pampu ya kisima", ya jenereta iandike yake, na ile peji ya kusafirisha mzigo nje ya Nairobi iandike "Habari, mnaleta hadi wapi?" Huyo wa mwisho mjibu kwanza kabla ya wote, juu mtu hafikirii lori kama hajaamua kununua. Ukiacha vile vipimo vya ziada vya Google Analytics (Enhanced measurement) vikiwa vimewashwa, itahesabu yenyewe watu wanaobonyeza WhatsApp kwa sababu ni linki ya kutoka nje, lakini namba ya kupigiwa simu haihesabu, hiyo mwambie fundi aiweke kwa Google Tag Manager, chombo cha Google cha kuongeza vipimo kama hivyo.

Na linki zenye unaweka Facebook, TikTok ama kwa tangazo zote ziwekee alama za utm, yale maneno ya kuongeza mwisho wa linki, ndio ujue mgeni katoka tangazo gani. Andika kwa herufi ndogo kila siku, juu ukiandika Facebook leo na facebook kesho itakuhesabia kama sehemu mbili.

Kuna zile programu zingine kama Leadfeeder, zinaangalia anwani ya IP ya mgeni, ile namba ya mtandao anaoingilia, na kukuambia ni kampuni gani imekutembelea. Mimi singeanza na hizo. Zinafanya vizuri penye kila ofisi ina anwani yake, lakini wageni wako wengi wanaingia kwa bando ya Safaricom ama Airtel, watu wengi wanatumia anwani moja, kwa hivyo utaonyeshwa tu jina la mtandao. Zile utaona vizuri ni sehemu kubwa zenye mtandao wao, kama mabenki, vyuo vikuu, UN kule Gigiri. Na hata hapo tumia akili, mgeni wa chuo kikuu anaweza kuwa mtu wa manunuzi ama mwanafunzi anaandika asaimenti ya pampu. Kama unauzia mashirika pekee, ijaribu, kama unauzia watu wa Ruai na Kitengela, hiyo pesa weka kwa tangazo.

Usihesabu pia wageni wa peji ya kazi, hao wanatafuta ajira, na si haki kuwasumbua na ofa za jenereta.

Ukishajua nani ako karibu kununua, usimwambie "nimeona uko kwa websaiti yetu", mtu ataogopa na ako na haki ya kuogopa. Mwenye alikuacha kwa WhatsApp siku tano mwandikie kawaida, "Habari ya asubuhi madam, ulituuliza pampu ya kisima, ukinipatia urefu wa kisima nitakufanyia kotesheni leo." Hiyo swali ya urefu inaonyesha unajua kazi, na atakujibu.

Sheria pia iko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu akubali kabla hujatumia data yake kumuuzia vitu, na Kamishna wa Ulinzi wa Data anaweza kukupiga faini hadi shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, yenye iko chini. Andika wazi kwa websaiti kwamba unatumia kuki (cookies, vile vifaili vidogo vya kumkumbuka mgeni) na ni za nini, na kile kisanduku cha kukubali kupokea ofa usikiweke alama wewe, mteja akiweke mwenyewe. Akisema toa namba yangu, itoe siku hiyo hiyo.

Ijumaa jioni kaa na watu wako wa mauzo, kila mmoja na simu yake, muandike kwa Excel: meseji ilitoka peji gani, tangazo gani, ilifika kwa kotesheni, ililipwa ama bado. Tangazo lenye linaleta wageni wengi na halijawahi kuleta kotesheni hata moja, lizime hapo hapo mkiwa mmekaa, alafu hiyo pesa muipeleke kwa lile la pampu za kisima.