Somo: Kusafiri siku ya tahadhari ya mvua kubwa, na namna ya kulisoma korongo

Kila Novemba swali ni lile lile: "TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wametoa tahadhari, nisafiri nisisafiri?" Naandika mara moja, nikiulizwa tena nitaelekeza hapa.

1. Soma tangazo lote, usiishie kwenye rangi. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake kuna mistari miwili ambayo wengi huiruka: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ardhi yetu ngumu haiwezi kunywa yote hayo, yanakimbilia makorongoni.

2. Tairi, waipa, taa. Jaza mafuta, chaji simu.

3. Toka alfajiri. Mvua za radi za huku Dodoma hushuka zaidi mchana kwenda jioni.

4. Mpigie mtu aliye mbele yako: Gairo, Mtera, Kondoa, kokote unakopita.

5. Korongo. Hapa ndipo watu wanapofia, someni taratibu. Maji ya korongo hayaletwi na mvua unayoiona. Yanatoka milimani, na yanaweza kukukuta jua linawaka na mchanga mkavu. Ukisikia mngurumo kutoka juu, au ukaona povu na vijiti vinatangulia, panda ukingoni, gari liache. Maji yakiwa yanapita, kanuni ni moja: usiingie. Sentimita 15 za maji ya kasi zinamwangusha mtu mzima, 30 zinaelea na gari dogo, 60 zinabeba hata pikapu. Usimfuate aliyevuka kabla yako. Kina kinabadilika kwa dakika. Na yakipungua bado kuna mtego: kwenye drifti (kivuko cha zege kilicholazwa chini korongoni), maji huchimba chini ya zege upande yanakoshukia. Juu panaonekana pazima, chini ni tundu. Subiri yakauke, shuka, pita kwa miguu na fimbo ukigonga. Usiku usijaribu kabisa.

Dharura: Zimamoto 114, Polisi 112.

MASWALI

Dereva_Kibaigwa: Mimi nina Prado, si napita tu?
Jibu: Hatua ya 5. Sentimita 60.

Dereva_Kibaigwa: Lakini Prado ni nzito mkuu.
Jibu: Uzito umeshahesabiwa humo. Usivuke.

Binti_Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Naomba kueleweshwa, chuma kizito hivyo kinaeleaje?
Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Chukua gari la kilo 1,000, sakafu yake upana mita 1.6 na urefu mita 3.5. Maji yakipanda sentimita 15 juu ya sakafu kabla hayajaingia ndani, gari linasukuma lita 840 pembeni, yaani linanyanyuliwa kwa nguvu ya kilo 840. Tairi zinabaki zimekanyaga kwa kilo 160 tu. Hapo mkondo ukisukuma ubavuni, linateleza lenyewe.

Mkulima_Bahi: Likizimikia majini niwashe tena?
Jibu: Hapana! Toka kwanza, hata kwa dirishani. Likishavutwa, usiguse swichi. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyagonga, konrodi (chuma kinachoshika pistoni) inapinda. Fundi afungue plagi, azungushe injini maji yatoke, kisha aangalie oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imechanganyika na maji, imwagwe.

Boda_Chamwino: Radi je? Huwa najikinga chini ya mbuyu.
Jibu: Acha kabisa ndugu yangu. Radi ikipiga mti inarukia na aliye chini yake. Ingia kwenye nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mkulima_Bahi: Nyongeza kwa wanaopita mbugani, yaani kwenye tambarare za udongo mweusi: udongo huo ukilowa, msikanyage mafuta kwa nguvu, tairi inajichimbia. Punguzeni upepo wa tairi kidogo, bebeni koleo na mbao mbili za kuweka chini ya tairi.
Jibu: Sahihi. Na pampu, ujaze upepo tena ukifika lami.