Somo: Kumtafuta babu aliyefanya kazi karakana ya reli Nairobi

Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi wa boila za garimoshi. Nilimtafuta kwa jina miaka miwili nisipate kitu. Nilipoanza kuitafuta kazi yake, nikampata.

Hatua ya 1. Keti na wazee kwanza. Usiulize alizaliwa lini. Uliza alikuwa akilala wapi, Muthurwa au Makongeni, maana huko ndiko reli iliwaweka watu wake. Uliza pia idara: boila, uhunzi, useremala wa mabehewa?

Hatua ya 2. Omba ruhusa ya kufungua sanduku la nyanya yako. Unatafuta kipande, kitambulisho cha kazi cha enzi ya ukoloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kukibeba, wengi wakikitundika shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kilikuwa cha kumdhibiti, na hilo linaniuma hadi leo, lakini ndicho kilichohifadhi alama za vidole vyake, waajiri wake na mshahara wake. Cha babu kilikuwa kimekunjwa mara nne, mikunjo imekatika, wino umegeuka kahawia. Usikinyooshe kwa nguvu. Kipige picha karibu na dirisha.

Hatua ya 3. Andika jina kwa kila namna karani angeweza kulisikia. Musyoka wetu alikuwa Musioka, kisha Mushoka.

Hatua ya 4. Linganisha mwaka na mwajiri. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika, ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Kenya ikabaki na reli yake.

Hatua ya 5. Sasa nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Faili zimepangwa kwa ofisi iliyoziandika, si kwa jina la babu yako. Ndiyo maana hatua ya 1 na ya 4 ni muhimu. Makumbusho ya Reli hayako mbali na stesheni, pitia huko pia.

Maswali ya wanachama

Guka (babu) wangu alitoweka Nairobi 1954. Reli ilimfuta kazi?
Pole sana. Uliza kwanza kama ilikuwa Aprili. Tarehe 24 mwezi huo ilianza Operesheni Anvil, msako wa Waingereza jijini dhidi ya Mau Mau. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa kwa maelfu, wengi wakapelekwa kambi za kizuizini za Mackinnon Road na Manyani. Tafuta faili za kambi kabla ya za reli. Nyingine zilifichwa Uingereza, zikaanza kufunguliwa 2012. Ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London.

Sisi hatuna karatasi hata moja. Tuanzie wapi?
Kanisani, kwenye daftari la ubatizo. Halafu Gazeti Rasmi la Serikali, matangazo ya mirathi. Matoleo mengi ya zamani yako kwenye intaneti. Jaribu kila tahajia ya jina lenu, dada yangu, hata ile unayoona ni makosa.