Yai jeupe kwenye mashine: tafuta chanzo kabla ya kumchinja jogoo

Wafugaji wengi wa Mwanza wanaototolesha vifaranga kwa mashine hufikia uamuzi uleule wanapomulika mayai siku ya saba na kukuta mengi ni meupe, hayana mishipa ya damu: jogoo analaumiwa, anachinjwa, na mwingine analetwa. Uamuzi huo huenda ukawa sahihi, lakini mara nyingi hufanywa mapema mno, kwa kuwa yai linaloonekana jeupe kwenye mwanga si lazima liwe lilikosa mbegu. Huenda lilirutubishwa, kiinitete kikaanza kukua na kufa katika siku mbili tatu za mwanzo, kabla mishipa haijaonekana.

Ili kutofautisha, chukua mayai machache yaliyotagwa siku hiyohiyo na kundi lilelile, uyavunje taratibu kwenye sahani na kuangalia kidoa cheupe kilichoko juu ya kiini. Kwenye yai lisilo na mbegu, kidoa hicho ni kidogo, kimekolea weupe na ukingo wake hauko sawa. Kwenye yai lenye mbegu ni kipana zaidi, kiasi cha milimita 4, mviringo kamili, katikati pakiwa pamefifia na pembeni pamezungukwa na pete. Mayai kumi yakikuonyesha pete, jogoo wako hana kosa, na tatizo liko baada ya kutaga.

Hapo ndipo penye kasoro nyingi za huku kwetu. Kiinitete huweza kuanza kukua polepole joto likizidi takriban nyuzi 21, nacho hudhoofika kinapoanza na kusimama kila siku. Mchana wa Mwanza hupita kiwango hicho kwa urahisi, na chumba cha bati kisicho na dari hupita zaidi. Weka trei kwenye sakafu ya chumba chenye kivuli na upepo, ncha nyembamba ya yai ikitazama chini, na usiyahifadhi zaidi ya siku 7. Friji ya nyumbani haifai, kwa sababu ni baridi kupita kiasi. Mayai yaliyosafirishwa kutoka Ukerewe au Sengerema, yakiwa yametikiswa njiani, yapumzishwe kati ya saa 12 na 24 kabla ya kuingizwa kwenye mashine.

Ikiwa kidoa hakina pete, sasa geukia banda. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Wakizidi, baadhi hawapandwi kabisa. Majogoo wawili wa kuchi katika banda dogo nao ni hasara, kwani hutumia muda mwingi kupigana kuliko kupanda. Mkague jogoo miguu, kwa maana mwenye kidonda cha unyayo au uzito uliopitiliza hushindwa kupanda hata akiwika vizuri. Ukimleta jogoo kwenye kundi lisilokuwa naye, subiri wiki mbili hivi ndipo uanze kukusanya mayai ya kutotolesha, na kama unabadilisha jogoo ili kupata uzao wake pekee, subiri wiki tatu, kwa sababu mtetea huhifadhi mbegu za yule wa kwanza mwilini.

Ushauri wa nchi za baridi unaohimiza kuwasha taa bandani wakati wa siku fupi usikusumbue. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima. Chakula ndicho cha kuangalia, na hasa dagaa. Wakati wa mvua dagaa huanikwa bila kukauka, mafuta yake yakachacha, na mafuta yaliyochacha huharibu vitamini E, ambayo jogoo anaihitaji ili awe na mbegu zenye nguvu. Dagaa wenye harufu kali na rangi ya njano iliyokolea usiwape kuku wa uzazi, hata kama bei yake inavutia.

Mayai meupe yaondolewe kwenye mashine siku hiyohiyo, kwa kuwa yai likioza kwenye joto la nyuzi 37.5 hupasuka na kusambaza vimelea kwa mengine. Usiyauze kwa wapika chipsi. Yamekaa jotoni wiki nzima. Yafukie mbali na banda, na kabla ya hapo andika kwenye daftari idadi yake, tarehe yalipotagwa na banda yalikotoka.