Kuunga flanji za nyuso tofauti: soma uso kabla ya kuhesabu matundu

Bomba la chuma la inchi 4 kwenda kwenye pampu ya korona (mashine ya kutoa nyuzi za mkonge), huku Tanga, laweza kukaa tundu kwa tundu kwenye flanji, yaani sahani ya mduara yenye matundu ya bolti mwishoni mwa bomba, na bado likapasua pampu. Matundu yanakuambia bolti zitapita tu. Ukitaka kujua kama flanji mbili zinafaa kuungana, tazama uso, yaani upande unaokutana na flanji ya pili.

1. Tambua uso. Toa kutu na mabaki ya gasketi (kizibio kinachokaa kati ya flanji), kisha laza rula ya chuma katikati ya flanji. Ikigusa mpaka ukingoni, uso ni bapa. Ukiona mwanga upande wa matundu, uso umeinuka: milimita 2 kwa klasi (daraja la presha la Kimarekani) 150 na 300, milimita 7 kuanzia klasi 400. Mfereji wa duara wenye kuta za mshazari ni wa ringi ya chuma, na namba yake hugongwa ubavuni. Inchi 4 klasi 150 ni R36, klasi 300 ni R37. Uso wa ringi usiuunge na uso ulioinuka. Uso wenye ulimi huungana na wenye mfereji wa kuupokea tu; huenda kwa jozi, basi.

2. Pima duara la bolti. Anza ukingo wa ndani wa tundu moja, ishia ukingo wa nje wa tundu linalotazamana nalo. Inchi 4 klasi 150 ni milimita 190.5; DN100 PN16 (flanji ya Kiulaya ya ukubwa huohuo, PN ikiwa daraja lake la presha) ni 180. Zote zina bolti 8, na hazikutani kamwe. Usipanue matundu kwa gesi. Inchi 6 ndiyo yenye mtego: 241.3 ya klasi 150 kwa 240 ya PN16, bolti hupita. Hapo presha ya kazi ifuate flanji dhaifu.

3. Chunga chuma cha kutupwa, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Klasi 125 ya chuma cha kutupwa ina uso bapa, na matundu yake yanalingana na klasi 150 ya chuma. Ukiiunga na uso ulioinuka, katikati panagusa na pembeni panabaki wazi. Kila unavyokaza, bolti zinavuta ukingo kuziba ule uwazi. Chuma cha kawaida kingepinda kidogo. Cha kutupwa hakipindi, kinakatika, mara nyingi kuanzia shingoni, flanji inapoungana na mwili wa pampu. Kwa hiyo peleka flanji ya bomba kwa fundi wa kukereza, aondoe ule mwinuko wa milimita 2. Kisha kata gasketi ya mpira ya milimita 3 inayofunika uso wote, yenye matundu ya bolti. Gasketi ndogo inayoishia ndani ya bolti inarudisha tatizo lilelile.

4. Kaza kwa kuvuka. Paka nyuzi za bolti grisi. Upepo wa bahari unazila upesi. Ukihesabu bolti kwa kuzunguka duara, fuata 1, 5, 3, 7, 2, 6, 4, 8, kwa theluthi moja ya nguvu, kisha mbili, kisha yote. Malizia kwa kuzunguka bolti moja baada ya nyingine mpaka nati zisisogee. Flanji zikiwa hazijakaa sambamba kabla ya kukaza, sogeza bomba, usitumie bolti kulivuta.

Ringi ya chuma ikishabanwa mara moja, weka mpya. Nayo iwe laini kuliko flanji, la sivyo itaharibu mfereji.