Gari la zamani la spoti likishapata moto linagoma kuwaka: namna ya kulikamata tatizo

Asubuhi linawaka kwa nusu stata. Unaliendesha vizuri, unalizima kidogo, unarudi baada ya dakika ishirini: halitaki. Ukiliacha likapoa, linawaka kama halikuwahi kugoma. Likifika kwa fundi limeshapoa, kwa hiyo kila anayelipima anasema zima. Hapo ndipo watu wanapoanza kununua vifaa kwa kubahatisha: koili, halafu pampu, halafu seti ya plagi, na tatizo liko palepale.

Joto chini ya boneti halianzi kushuka pale unapozima injini. Linapanda. Feni imesimama, maji hayazunguki, hewa haipiti, ila chuma cha injini na eksozi vinaendelea kutoa moto. Kati ya dakika 10 na 30 baada ya kuzima, kabureta, nozeli (vinyunyizio vya mafuta kwenye magari yasiyo na kabureta), koili na stata hupata joto kuliko zilivyokuwa barabarani. Gari la spoti linaumia zaidi kwa sababu injini imebanwa kwenye nafasi ndogo, na mengine imewekwa katikati au nyuma ambako upepo haufiki vizuri. Petroli nayo, sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi za sentigredi. Kwa hiyo pima ndani ya dakika hizo. Ukipima nje yake unapima gari lisilo na ugonjwa.

Hatua ya 1: Jiandae gari likiwa baridi

Tafuta mita ya umeme, kipima cheche chenye klipu, geji ya presha ya mafuta kama gari ni la nozeli, na kizima moto kiwe karibu. Geji iunganishwe injini ikiwa baridi kabisa. Kufungua bomba la petroli juu ya eksozi yenye moto ni kujitafutia balaa. Pata na mtu wa kukaa kwenye usukani, gia iwe nyutro, hendibreki juu.

Hatua ya 2: Litengeneze tatizo

Liendeshe mpaka lipate moto sawasawa, zima, kisha boneti ibaki imefungwa. Wengi wanaifungua papo hapo, joto linatoka, jaribio limeharibika. Subiri dakika 15 au 20 ndipo upige stata.

Hatua ya 3: Sikiliza stata

Swali hili linagawa kazi nzima mara mbili, kwa hiyo usiliruke: stata inazungusha injini kwa kasi ya kawaida, au hapana?

Kama haizunguki, au inazunguka kwa kulemewa, achana na habari za mafuta na plagi. Shaba ikipanda joto kwa nyuzi 100, ukinzani wake unaongezeka kwa karibu asilimia 40, na solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) iliyo jirani na eksozi inapoteza nguvu ya kuvuta. Unasikia "ka!" moja, basi. Lakini usiilaumu stata kabla hujapima njia ya umeme. Betri iliyojaa ikitulia husoma kama volti 12.6. Gusa ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya au kiungo fulani kinakula umeme. Rudia upande wa ethi: nguzo hasi ya betri hadi kwenye chuma kitupu cha injini. Hapa ndipo magari mengi ya umri huu yanapoumbuka. Injini imekalia raba, kwa hiyo umeme wote wa stata unarudi kupitia waya mmoja uliosukwa, na waya huo unaweza kuoza ndani huku nje unaonekana mzuri.

Halafu pima waya mdogo wa solenoidi stata ikipigwa. Ukikuta volti moja na nusu au zaidi pungufu ya ile ya betri kwa wakati uleule, swichi ya ufunguo imechoka; rilei moja iliyofungwa karibu na stata itamaliza kesi. Umeme ukifika kamili na stata bado imelala, ndiyo sasa ishushe.

Hatua ya 4: Stata inazunguka vizuri? Angalia cheche

Bana kipima cheche kwenye chuma, mbali na harufu yoyote ya petroli, wala usikishike kwa mkono. Wakati huohuo mwenzako atazame mshale wa rpm. Kwenye magari mengi ya zamani mshale huo unapata ishara kutoka kwenye koili, hivyo ukitingishika kidogo stata ikipigwa, ishara inafika. Ukilala kabisa na cheche hakuna, shuku sensa ya krenki, pikapu ya ndani ya distribyuta, au moduli ya kuwasha.

Usizipoze zote kwa pamoja. Weka kitambaa chenye maji baridi kwenye moja, kikiwa kimekamuliwa, subiri kidogo, piga stata. Ile ambayo ikipoa cheche inarudi ndiyo mgonjwa wako. Kuthibitisha, siku gari likiwa baridi ipulizie kwa mashine ya kukaushia nywele uone kama itagoma.

Hatua ya 5: Cheche ipo, basi ni mafuta

Kwa kabureta, toa chujio la hewa umulike ndani na tochi, injini ikiwa imezimwa. Ukiona matone yanadondoka, petroli inachemka kwenye bakuli la kabureta na kumwagika kwenye injini. Kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia hapo bila kupampu, piga stata. Likiwaka kwa moshi mweusi umepata jibu. Kinyume chake, ukisukuma mkono wa mafuta na hakuna kinachoruka kooni, bakuli limekauka au bomba limejaa mvuke. Dawa ni kuhamisha bomba mbali na eksozi, kuweka kizuizi cha joto na spesa isiyopitisha joto chini ya kabureta.

Kwa nozeli, tazama geji tangu unapozima. Mfumo wa K-Jetronic (nozeli za kimakanika za Bosch) hufanya kazi kwenye karibu bar 5 na ukizimwa lazima ubaki na presha ya kutosha kuzuia mafuta yasichemke. Mshale ukianguka hadi sifuri ndani ya dakika chache, shuku vali ya kuzuia kurudi kwenye pampu, akyumuleta (kopo linalotunza presha ya mafuta), au nozeli zinazovuja. Kwa mifumo ya kompyuta kuna kipimo cha bure: washa swichi, acha pampu ilie, zima, rudia mara tatu, ndipo upige stata. Likiwaka vizuri, presha ilikuwa imekimbia.

Usisahau sensa ya joto la maji inayolisha kompyuta. Nyingi za Bosch za zamani husoma kama kiloomu 2.5 kwenye nyuzi 20 na kama omu 300 kwenye nyuzi 80. Plagi yake ikilegea, kompyuta inadhani kuna baridi kali na inamwaga mafuta mpaka plagi za cheche zinalowa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, je, ni kweli vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba la petroli vinasaidia?

Jibu: Hapana. Vinapendezesha tu. Sogeza bomba.

Swali: Nikifunga feni ndogo ya kupuliza nozeli baada ya kuzima?

Jibu: Inasaidia. Nissan wenyewe waliweka kipulizi cha namna hiyo kwenye 280ZX. Ila rekebisha kwanza presha inayovuja, la sivyo unaficha ugonjwa.

Swali: Fundi, langu ni Mazda RX-7 ya injini ya rota. Stata inazunguka, cheche ipo, mafuta yapo, likiwa na moto haliwaki.

Jibu: Pima kompresheni injini ikiwa na moto, siyo baridi, na kwa kipimo cha injini za rota. Sili za rota zikichoka, kugoma likiwa na moto ni dalili ya mapema. Betri na stata zenye nguvu zitakusogeza kwa muda.

Swali: Porsche 944, mshale wa rpm hauchezi kabisa likigoma. Nianze wapi?

Jibu: Rilei ya DME (kompyuta ya injini) kwanza, maana ni rahisi kuibadilisha na lehemu zake hupasuka. Kisha sensa mbili zilizo juu ya flaiwili: moja ya kasi, moja ya alama inayoonyesha krenki iko wapi. Angalia kama ngozi ya waya zake imekakamaa na kupasuka kwa joto. Nafasi kati ya sensa na flaiwili ni milimita 0.8. Kabla hujachomoa, zitie alama, kwa sababu plagi zake zinafanana na ukizichanganya halitawaka hata likiwa baridi.