Somo: Kadi ya sauti ya nje imegoma kwenye Linux, tuanzie wapi?

Kijana mmoja wa Mikindani aliniletea laptopu hapa Chikongola akiwa amekata tamaa. Kadi yake ya sauti inawaka taa, lakini kompyuta haiioni. Alikuwa ameshaisimika Ubuntu upya mara mbili, na alikuwa anafikiria kurudi Windows. Nilichomoa waya wake, nikachomeka wangu, kadi ikaonekana papo hapo. Waya aliokuwa nao ni wa kuchajia simu, wa aina ile inayopitisha umeme tu, data haipiti. Siku mbili za jasho, kisa waya!

Sisi watu wa Mtwara mfano tunao hapa hapa. Gesi isipofika kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam, hakuna anayekimbilia kuchimba kisima kipya Mnazi Bay. Unalifuata bomba kutoka Madimba, kwenye kiwanda cha kusafishia gesi, kipande kwa kipande, mpaka uone ilipokatikia. Sauti nayo ina bomba lake: waya, kerneli (kiini cha Linux), ALSA (sehemu ya kerneli inayoongea na kadi), PipeWire (inayogawa sauti kwa programu), halafu programu unayorekodia. Tulifuate kwa mpangilio huo, usiruke.

1. Waya na tundu. Chomeka kadi moja kwa moja kwenye laptopu, usipitishe kwenye habu (kile kigawanyio cha matundu ya USB). Fungua tamino (dirisha la kuandikia amri), andika:

`lsusb`

Chomoa kadi, andika tena. Mstari uliopotea ndio kadi yako. Hapa wengi wanapotea njia kwa sababu wanatafuta jina la duka. Mimi natumia Behringer UMC22, na kwenye orodha haijiiti Behringer kabisa:

`ID 08bb:2902 Texas Instruments PCM2902 Audio Codec`

Hilo ni jina la chipu iliyo ndani. Kwa hiyo angalia mstari unaokuja na kuondoka, jina lisikubabaishe.

Kama hakuna mstari unaobadilika, matatizo ya programu bado hujayafikia. Badilisha waya, badilisha tundu. Na sisi tunaokaa karibu na bahari, angalia ncha ya waya kwa tochi: ukiona ukungu wa kijani au weupe wa chumvi, isugue taratibu kwa spiriti, iache ikauke kabisa ndipo uchomeke.

2. Kerneli inasemaje. Andika `sudo dmesg -w`, kisha chomeka kadi huku unaangalia. Kadi nyingi za USB zinafuata kanuni ya pamoja ya sauti, na kerneli inazishughulikia kwa moduli ya `snd-usb-audio`. Hakuna diski ya draiva wala faili la kupakua. Ukiona maneno `USB disconnect` yanajirudia bila wewe kugusa kitu, rudi hatua ya kwanza: ni waya au umeme mdogo.

3. ALSA. Andika `arecord -l`. Yangu inatokea kama `CODEC [USB Audio CODEC]`. Sasa rekodi sekunde kumi bila kupitia programu yoyote kubwa:

`arecord -D hw:CODEC,0 -f S16_LE -r 48000 -c 2 -d 10 jaribio.wav`

Weka jina la kadi yako mahali pa CODEC. Hatua hii naipenda kuliko zote, maana inakata kesi nusu kwa nusu. Sauti ikiingia kwenye faili hilo, kadi ni nzima na waya ni mzima, ugonjwa uko juu, kwenye PipeWire au programu. Ukiambiwa `Device or resource busy`, kuna programu nyingine imeishika kadi. Amri ya `fuser -v /dev/snd/*` itakuonyesha ni ipi. Faili likiwa kimya kabisa, kabla hujalaumu Linux angalia kitasa cha geini (kinachokuza sauti ya maiki), na swichi ya 48V kama maiki yako ni kondensa, yaani ile inayohitaji umeme kutoka kwenye kadi.

Mtandaoni utaambiwa ujiongeze kwenye kundi la `audio`. Kwenye Ubuntu au Fedora za kawaida, mtu aliyekaa mbele ya kompyuta anapewa ruhusa ya kutumia kadi bila kuomba. Sijawahi kuona ikimponya mteja wangu hata mmoja.

4. PipeWire. Ubuntu 22.04 bado inatumia PulseAudio, mtangulizi wake, kwa sauti, kuanzia 22.10 ni PipeWire. Fungua `pavucontrol`, inafanya kazi kwa zote mbili. Nenda ukurasa wa mwisho, Configuration. Mara nyingi utakuta kadi imewekwa Off, au imewekewa kutoa sauti tu bila kuingiza. Chagua profaili yenye Input na Output. Ikigoma, kwa wenye PipeWire:

`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`

Bila `sudo` hapo. Ukiiweka haitafanya unachotaka.

5. Programu. Ndani ya Audacity au Ardour chagua kadi kwa jina. Ukiacha chaguo la kawaida, unaweza kurekodi wimbo mzima kwa maiki ya laptopu na feni yake ikiimba kiitikio.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Niko Lindi mjini, narekodi kwaya. Sauti inasikika sikio la kushoto tu. Kadi ni kama yako.*

Marahaba. Kadi yako haina ubovu. Tundu la kwanza ni la kushoto, la pili ni la kulia, na maiki umeiweka moja. Fungua traki ya mono badala ya stereo, uchague ingizo la kwanza. Sauti itakaa katikati.

*Kaka, nikibonyeza 48V tu kadi inazima na kupotea. Nikizima inarudi.*

Unatumia habu, sivyo? Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, na kwenye habu isiyo na chaja yake hizo mnagawana na mausi, flashi na kila kilichochomekwa. Ukiwasha 48V kadi inadai zaidi, inakosa, inaanguka. Ipe tundu lake peke yake.

*Sauti inakwaruza kila nikirekodi huku biti inapiga.*

Washa `pw-top` utazame safu ya ERR. Namba ikipanda kila inapokwaruza, bafa (akiba ya sauti inayosubiri kushughulikiwa) ni ndogo mno kwa mashine yako. Ipanue:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024`

Kwa 48000 hiyo ni kama milisekunde 21. 256 ni kama 5. Utakapoimba utajisikia umechelewa kidogo kwenye hedfoni, kwa hiyo bonyeza Direct Monitor ujisikie kutoka kwenye kadi yenyewe. Ukimaliza rudisha kwa kuweka 0.

*Tulienda Newala kurekodi sindimba. Ngoma zote zimepasuka. Kuna programu ya kuzirekebisha?*

Ya kuzirudisha kama zilivyokuwa hakuna, ndugu yangu. Taa nyekundu ya CLIP ilikuwa inawaka mkiwa mnacheza. Ngoma zile usizipimie kwenye mapigo ya utangulizi; mwambie mpigaji apige kwa nguvu zake zote, shusha geini mpaka taa izime, halafu shusha tena kidogo. Na maiki isogeze nyuma hatua mbili.

*Kuna mngurumo mzito, hata nisipoimba.*

Chomoa chaja ya laptopu, sikiliza tena. Ukiisha, unaingia kupitia umeme wa nyumba. Rekodi kwa betri wakati unamtafuta fundi wa waya aangalie ethi (waya wa ardhini).

*Mimi nimefuata zote tano, arecord inarekodi vizuri, lakini Ardour haioni kitu.*

Nibandikie majibu ya `wpctl status`, yote, usikate. Na uniambie ulipoifungua Ardour ulichagua ALSA, JACK au PulseAudio.