Kizimba cha mbwa: kabla hujakinunua na kabla hujamleta Lubumbashi

Kila likizo kubwa ikikaribia jamaa wa Ubelgiji, Ufaransa na Kanada wananiandikia, ati kizimba gani ninunue nikuje na mbwa Lubumbashi? Na mimi nawarudishia swali, mbwa mwenyewe ashalala ndani ya kizimba hata usiku mmoja? Wengi wananyamaza. Sasa shida iko hapo, maana cha kununua kinapatikana siku moja tu, lakini mbwa kukizoea ni kazi ya wiki na wiki, na ndani ya tumbo la ndege sio mahali pa kuanzia.

Najua huku kwetu wazee wataona maajabu. Kwenye mitaa yetu kama Katuba ama Kenya (ule wa Lubumbashi, sio nchi) mbwa anafungwa mchana, usiku anafunguliwa alinde parseli, yaani kiwanja cha nyumba, basi. Mama akiona kwenye video mbwa yuko nyuma ya vyuma anauliza amekosa nini huyu. Mwambie ni chumba chake, na wewe mwenyewe ukifanye kiwe chumba kweli: mlango wazi mchana kutwa, chakula chake anakulia humo, tambara lenye harufu yako ndani. Siku za kwanza usifunge kabisa. Akianza kuingia mwenyewe na kulala, funga wakati anakula, fungua akimaliza, halafu ongeza dakika kidogo kidogo ukiwa humo humo chumbani, baadaye ndio utoke. Akilia kwa sababu umefunga tu, ujue umekimbia haraka, rudi nyuma. Akiwa mtoto na analia usiku huenda anataka kukojoa, mtoe tu bila michezo halafu arudi. Na usimtupe humo ukiwa na hasira eti ametafuna kiatu, siku hiyo hiyo umeharibu kazi yote. Kola mvue, inaweza kunasa kwenye vyuma ikamkaba.

Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hawezi kubana mkojo saa nyingi, kwa hiyo ile ya kumfungia unaenda kazini toka asubuhi mpaka jioni acha, tafuta mtu wa kumtoa. Na walio Sweden na Finland muangalie vizuri, kule sheria hairuhusu mbwa kufungiwa kizimbani nyumbani kama kawaida, ni kwa safari na mambo machache. Acheni mlango wazi tu, atazoea vilevile.

Tuje kwenye vipimo, hapa watu wanapoteza pesa sana. Cha nyaya kinachokunjwa ni kizuri nyumbani, hewa inapita, na kama mbwa bado anakua kuna chenye ukuta wa kusogeza, unampa nafasi ya kumtosha tu, maana kikiwa kikubwa mno analala kona hii na kujisaidia kona ile. Lakini kwenye ndege hicho hakipokelewi. Ndege inataka kigumu, cha plastiki nene au mbao, chenye matundu ya hewa pande zote nne, mlango wa chuma, na vipande viwili vilivyokazwa kwa bolti, sio vile vibanio vya plastiki peke yake.

Chukua futi. Pima toka pua mpaka mzizi wa mkia, halafu toka chini mpaka kiwiko cha mguu wa mbele. Urefu wa kizimba ni kile cha kwanza ukiongeza nusu ya cha pili. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni toka chini mpaka ncha ya sikio akiwa amesimama, ukiongeza unene wa tandiko. Mfano mwili sentimita 70, kiwiko 34, mabega 22, kimo 62: unahitaji ndani 87 kwa 44, na kimo 62 na tandiko. Wenye pua bapa, bulldog na wenzake, ongeza asilimia 10, na kuna kampuni za ndege zinawakataa kabisa sababu ya kupumua. Pima kwa ndani tafadhali, ile namba ya kwenye boksi mara nyingi ni ya nje. Uliza kampuni kabla ya kulipa tiketi, kwa njia yote sio kipande cha kwanza tu, maana ukishuka Addis Ababa ndege ya kuja Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, inaweza kuwa ndogo na kizimba kirefu kisipite mlango wa mizigo.

Bakuli la maji lifungwe mlangoni, lijazwe toka nje bila kufungua. Chini weka kitu kinachonyonya mkojo. Na dawa ya usingizi usimpe hata mtu akikushauri, huko juu inaweza kumshusha presha na kumzuia kupumua vizuri.

Akishafika, kizimba usikiweke chini ya mabati, mwezi wa kumi jua la huku halina mchezo, wala karibu na babula, lile jiko la makaa, umeme ukikatika watu wanapika nalo na ule moshi unamfikia. Mwezi wa sita na wa saba ni kinyume, usiku baridi kali, funika pande tatu na blanketi. Watoto wa parseli wakatazwe kuchomeka vijiti.

Halafu kama unarudi naye Ulaya, kuna jambo ambalo kizimba hakitakuokoa. Kongo haiko kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazikubalia kirahisi kwa kichaa cha mbwa, kwa hiyo anahitaji kipimo cha damu kutoka maabara wanayoikubali, na damu inachukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Ukikifanya huko kabla ya kuondoka, kikaandikwa kwenye pasipoti yake na chanjo haijakatika, anarudi na wewe. Ukisahau ukaja kukifanyia huku, toka siku ya kutoa damu anasubiri miezi mitatu, wewe likizo imeisha umerudi kazini, mbwa yuko kwa shangazi, na shangazi kila wiki anaomba pesa ya unga na ndakala, wale samaki wadogo wakavu.